BMW 3 Series ukiwa Tabora: soma dalili kabla hujaagiza spea

Mwenye BMW Dar es Salaam akikosea kutambua ugonjwa wa gari lake, anarudi Kariakoo siku hiyohiyo kubadilisha spea. Sisi wa Tabora spea yetu inapakiwa kwenye basi, inasafiri zaidi ya kilomita 800, tunaipokea stendi, fundi anaifunga. Kama tatizo halikuwa hilo, pesa imekwenda na gari bado liko juu ya mawe. Ndiyo maana nasisitiza kupima. Saa nzima ya kupima hapa ina thamani kuliko spea tatu za kubahatisha.

Mwongozo huu ni wa E90, toleo la 3 Series lililotengenezwa kuanzia 2005 hadi 2011, kabla ya F30 kuingia. Nalipenda gari hili na nalitetea mbele ya yeyote. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, uzito wake umegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, na ukilishika kwenye lami ya kwenda Nzega asubuhi unaelewa kwa nini watu wanahangaika nalo. Haliharibiki ovyo kama linavyosemwa. Matatizo yake yanajulikana, na kila moja lina dalili yake.

Kwanza jua injini uliyonayo

Jina la nyuma ya buti halitoshi, kwa sababu ushauri wa injini moja unaweza kukupoteza kwenye nyingine. 320i nyingi zilizotoka Japani zina N46, silinda nne, cc 1995. 323i na 325i nyingi za miaka ya mwanzo zina N52, silinda sita, cc 2497. Zilizotoka Uingereza nazo usukani wake uko kulia, hivyo zinafika huku pia, na hapo chukua tahadhari: 320i ya kule ya baada ya 2007 inaweza kuwa na N43, injini iliyoundwa kwa petroli yenye salfa kidogo sana, na 320d ya kipindi hicho ina N47 ya dizeli, ambayo cheni yake ya taimingi iko nyuma ya injini, upande wa giaboksi. Cheni hiyo ikianza kukwaruza, injini lazima ishushwe au giaboksi itolewe. Kwa Tabora mimi nisingeshauri mtu anunue N43 wala N47, hata bei iwe ya kuvutia namna gani.

Yanayofuata yanahusu N46 na N52.

Gari linachemsha

Jambo la kuelewa kabla ya yote: E90 haina geji ya joto la maji. Mshale mdogo ulio chini ya geji ya mizunguko unaonyesha matumizi ya mafuta, au joto la oili kwa baadhi ya matoleo. Unachopata ni taa tu. Ikiwaka ya njano, injini imepata joto kupita kawaida, punguza mwendo. Ikiwaka nyekundu, simama hapohapo na uzime, hata kama umebakiza kilomita tano kufika mjini. Kichwa cha injini hizi ni cha alumini na kikishapinda, hesabu ya matengenezo inakaribia bei ya injini nyingine ya mtumba.

Kwa kuwa geji haipo, nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la OBD (la kuunganishia mashine ya kupimia gari) chini ya dashibodi, kinachotuma taarifa kwenye simu kwa bluetooth. Ni rahisi, na kitakuonyesha nyuzi za joto la maji ukiwa barabarani. Usishtuke ukiona 105. Injini hizi zina themostati inayoongozwa na kompyuta, na zimepangwa kufanya kazi kwenye joto la juu unapoendesha taratibu, kisha kompyuta inalishusha unapokanyaga. N52 inaweza kufika hata 110 ikiwa salama kabisa. Cha kuogopa ni namba inayopanda bila kurudi.

Sasa dalili.

Linachemsha ghafla, maji yamejaa, hakuna tone chini, na gari ni 323i au 325i. Hapo mshukiwa wa kwanza ni pampu ya maji. Pampu ya N52 ni ya umeme, haina mkanda, na ikifa haivuji wala haipigi kelele. Thibitisha hivi: ukiwa umeegesha na taa ya njano imewaka, fungua hita kwenye joto la juu kabisa. Upepo ukitoka wa baridi wakati injini inaungua, maji hayazunguki. Kisha soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari. Kodi za 2E81 hadi 2E85 zinahusu pampu hiyo moja kwa moja. Ukiagiza pampu, agiza na themostati yake, maana ziko jirani na kazi ya kuzifikia ni moja, na agiza boliti mpya. Boliti za pampu ni za alumini na hutumika mara moja tu. Wengi husahau boliti, basi linafika na pampu, fundi anarudisha zile za zamani, moja inakatika ndani.

Baada ya kufunga, hewa inatolewa kwa namna ambayo fundi aliyezoea Toyota hawezi kuibahatisha. Jaza kulanti, washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la juu na feni kwenye upepo wa chini kabisa, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho kwa sekunde kumi, achia. Utasikia pampu ikianza kuzunguka yenyewe, na itaendelea kwa dakika kama kumi na mbili. Usiiguse mpaka imalize, na betri iwe na chaji ya kutosha au iunganishwe na chaja.

Linachemsha na maji yanapungua. Hii ni kwa injini zote mbili, na hapa plastiki ndiyo chanzo: chupa ya maji, viunganishi vya mipira ya rejeta, bomba na oringi zake. Plastiki iliyokaa kwenye joto kwa miaka zaidi ya kumi inakuwa kavu na kupasuka. Kagua asubuhi injini ikiwa ya baridi, tafuta alama nyeupe au za buluu zilizokauka kwenye maungio. Kwenye N46 pampu inaendeshwa na mkanda, kwa hiyo angalia pia kama inavuja kwenye shafti au imeanza kulegea.

Maji yanapungua, hakuna uvujaji popote, na mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi. Fikiria gasketi ya kichwa. Mapovu yasiyokoma kwenye chupa ya maji ni ushahidi mwingine. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, na usimwagie injini iliyochemka maji ya kisimani.

Kuna ushauri mmoja utakaoupata gereji nyingi huku: "Bosi, toa hiyo themostati, mkoa wetu una joto." Ulisaidia magari mengine ya zamani. Hapa ukatae kwa heshima: "Fundi wangu, hii inaongozwa na kompyuta, tuiache. Tupime pampu kwanza." Ukiitoa, injini haifiki kwenye joto lake, kompyuta inaendelea kumimina mafuta kana kwamba ni asubuhi, taa ya injini inawaka, na ugonjwa wenyewe bado uko palepale. Vilevile weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi. Maji ya bomba na ya kisima huacha chumvi ndani ya rejeta.

Moshi wa bluu, na oili inayopungua

Hili ni tatizo la N46 zaidi, na ndilo linalowafanya watu wauze 320i kwa haraka.

Subiri injini ipate moto, iache silensa (ingurume bila kukanyaga mafuta) kwa robo saa, kisha kanyaga mafuta mara moja huku mtu akitazama ekzosi. Likitoka wingu la bluu halafu likakatika, raba za valvu zimekauka, oili inashuka kupitia kwenye valvu wakati injini imetulia. Ukiendesha safari ndefu moshi hauonekani, ndiyo maana muuzaji anaweza kuapa kwamba gari halina moshi na akawa anasema kweli ya barabarani. Raba zinaweza kubadilishwa bila kushusha kichwa kama fundi ana vifaa vya kuzuia valvu zisidondoke. Uliza swali hilo kabla hujakubaliana bei.

Kabla ya kuhukumu raba, pima kitu cha bei nafuu. Injini ikiwa silensa, jaribu kufungua mfuniko wa oili. Mvuto mdogo ni wa kawaida. Kama mfuniko umeng'ang'ania kwa nguvu, au unasikia mluzi kutoka juu ya injini, kiwambo cha kupumulia kimepasuka na injini inavuta oili kuipeleka ichomwe. Moshi wa kiwambo huwa wa muda wote, na silensa inayumba.

Harufu ya oili inayoungua ikiingia ndani kupitia matundu ya hewa, hasa umesimama, ni gasketi ya kava la valvu inayodondosha juu ya ekzosi. Kwenye N52, boliti za kava hilo nazo ni za alumini, agiza mpya. Na tazama gasketi ya kikombe cha filta ya oili: ikivuja, oili inashukia kwenye mkanda. Mkanda uliolowa oili unaruka, na ukijiviringisha unaweza kuingia ndani ya injini kupitia sili ya mbele. Gasketi hiyo ni kipande kidogo cha mpira. Ibadilishe mapema.

N52 haina kijiti cha kupimia oili. Kiwango kinasomwa kwenye dashibodi, injini ikiwa ya moto na gari likiwa kwenye tambarare. Usiongeze kwa kukisia. Oili iliyozidi inaleta moshi na uvujaji pia. Tumia 5W-30 iliyoandikwa LL-01 (kiwango cha BMW) kwenye galoni, na usifuate ule muda mrefu wa kubadilisha unaoonyeshwa na kompyuta. Kwa vumbi letu la Juni hadi Oktoba, kilomita 7,000 hadi 8,000 zinatosha, na filta ya hewa uitazame kila unapomwaga oili.

Linamisi, halina nguvu

Kama linatetemeka silensa na taa ya injini inawaka na kuzima, koili na plagi ndizo za kuanza nazo, na kipimo hakihitaji pesa. Soma kodi ujue silinda gani inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Zima injini, hamisha koili ya silinda hiyo uipeleke kwenye silinda nyingine, washa, soma tena. Misi ikihama na koili, umepata koili mbovu. Ikibaki palepale, hamisha plagi kwa namna hiyohiyo. Ikibaki tena, sasa ndipo uzungumzie nozeli au kompresheni. Mwambie fundi kabla hajaanza: "Naomba usifute kodi kwanza, nizipige picha." Kodi iliyofutwa ni ushahidi uliopotea.

Likiwa zito mizunguko ya chini na kodi zikawa 2A82 au 2A87, hizo ni VANOS, mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu. Solenoidi zake ni mbili, ziko mbele, zinatoka kwa boliti moja kila moja. Zitoe, zisafishe, zibadilishane nafasi, uone kama kodi inahama. Mara nyingi ni uchafu wa oili iliyokaa sana.

Kodi za mchanganyiko kuwa na hewa nyingi zinatokana na hewa inayoingia pasipostahili. Kagua mpira mkubwa kati ya boksi la filta na throto. Unapasuka kwenye mikunjo ya chini usikoweza kuona bila kuutoa.

Taa nyingi zinawaka kwa pamoja

Taa za ABS, DSC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) na breki zikiwaka pamoja, usikubali kununua kompyuta ya ABS siku ya kwanza. Huwa ni sensa ya gurudumu moja iliyojaa tope au waya wake umekatika. Mashine itakuambia ni gurudumu lipi.

Taa zisizohusiana zikiwaka ovyo, hasa asubuhi, pima betri. Iko kwenye buti, upande wa kulia. Gari hili linakumbuka umri wa betri yake na kuongeza chaji kadiri inavyozeeka. Ukifunga mpya bila kuisajili kwa mashine, gari litaichaji kama ile nzee na kuiua mapema. Kabla ya kununua betri hapa mjini, hakikisha unamjua fundi mwenye mashine ya kusajili, iwe Tabora au Mwanza.

Betri mpya inaisha usiku? Funga milango, subiri saa moja, chungulia dirishani. Taa ya kitufe cha kuwashia inatakiwa iwe imezimika. Ikiwa bado inawaka, kuna kitu hakijalala, na kutoa fyuzi moja baada ya nyingine huku ukipima ampea kutakuonyesha ni kipi. Ukikuta limezima kabisa, usihangaike na buti. Chini ya boneti kuna kituo cha chanya chenye mfuniko mwekundu na cha hasi kwenye bodi kwa ajili ya kubusti.

Alama ya usukani ikiwaka njano wakati wa kuwasha, ishughulikie wiki hiyohiyo. Ni kufuli ya umeme ya usukani inayochoka. Ikifika nyekundu, gari haliwaki tena, na utalivuta likiwa limefunga.

Na miembe yetu: kivuli chake ni neema, lakini majani yanajaa kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele na kuziba mashimo ya kutolea maji. Mvua za Novemba zikianza, maji yanatafuta njia ya kuingia kwenye umeme. Safisha mfereji huo kabla ya msimu.

Linagonga na kutikisika chini

Usukani ukitetemeka unapofunga breki kutoka mwendo wa 100, watu wanabadilisha disiki, mtetemeko unarudi. Tazama kwanza bushi kubwa za mikono ya mbele. Zina kimiminika ndani, na ukiona doa jeusi la mafuta kwenye bushi, imepasuka. Badilisha pande zote mbili, kisha alaimenti. Mlio mwepesi wa kugonga kwenye vishimo vidogo ni linki za stabilaiza, ambazo ni nafuu. Mlio mzito wa kugonga kwenye matuta ni shokapu au vikombe vyake vya juu.

Gari liko chini. Ngao ya plastiki ya chini ya injini inachanika mapema kwenye barabara za vumbi, kisha jiwe linalofuata linapiga chombo cha oili cha alumini. Mafundi wa kuchomelea wa hapa wanatengeneza ngao ya bati nzuri sana. Waambie waache matundu ya hewa na ya kumwagia oili.

Tairi zina habari yake. E90 ilitoka kiwandani na tairi zinazotembea bila upepo, haina spea tairi. Zimepangiwa kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Tabora hadi Nzega ni kama kilomita 115, na barabara ya Itigi, hasa kipande cha Nyahua hadi Chaya, ni pori refu. Hesabu hiyo haitoshi. Isitoshe tairi hizo ni ngumu, zinaumiza rimu na bushi. Mimi nasema weka za kawaida na ubebe spea kamili kwenye buti. Rimu ya Toyota haitaingia: E90 ina matundu matano kwenye duara la milimita 120, wakati Toyota nyingi ni 114.3 au 100. Pia inafungwa kwa boliti, si nati, kwa hiyo beba spana ya 17 na jeki inayopita chini yake.

Giaboksi likishtuka kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, anza na kiwango na hali ya oili yake. Oili hiyo imeitwa ya maisha, ila ZF, watengenezaji wa nyingi ya giaboksi hizi, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kwenye ZF filta imeungana na sahani ya plastiki ya chini, unanunua sahani nzima.

Unapokwenda kununua

Yote hayo yapime siku ya ukaguzi. Mwambie mwenye gari mapema kwamba unataka kulikuta la baridi, na ukifika weka mkono juu ya boneti. Injini iliyokwisha kupashwa moto inaficha mlio wa cheni na moshi wa asubuhi. Likiwaka sikiliza sekunde chache za mwanzo, liache robo saa silensa, fanya kipimo cha moshi, fungua mfuniko wa oili, chomeka kifaa chako cha OBD. Kama kodi zote ni safi na kompyuta inaonyesha vipimo vyake vya ndani bado havijakamilika, zimefutwa muda mfupi uliopita. Omba uliendeshe kwa siku moja, au achana nalo.

Ukiagiza nje badala ya kununua kwa mtu, kumbuka ushuru wa bidhaa unafuata ujazo wa injini: 320i yenye cc 1995 iko kwenye asilimia 5, na 325i yenye cc 2497 iko kwenye asilimia 10. E90 zote sasa zimepita miaka kumi, hivyo tozo ya uchakavu inaongezeka juu yake. Ingiza taarifa za gari kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti. Na kwenye bajeti yako tenga fedha ya pampu ya maji kama ni N52, au ya raba za valvu kama ni N46, hata kama gari limekaguliwa na kuonekana halina tatizo.